Usiguse

Bati la mwisho liling'olewa trekta likiwa tayari linanguruma. Mke wa Kabichi alikuwa ameshapanda kwenye tela, kakalia godoro lililokunjwa, watoto wamemzunguka kama vifaranga, masufuria yamefungwa kwa kamba ya katani yasije yakadondoka njiani. Dereva hakuthubutu kuzima injini. Betri yake ilikuwa imekufa zamani, na trekta lile likishazimika haliwaki mpaka lisukumwe kwenye mteremko, na kule bondeni mteremko angeutoa wapi? Kwa hiyo kila lililosemwa asubuhi ile lilisemwa kwa kupiga kelele, hata yale ambayo watu wenye adabu huyanong'ona.

Ndipo Shangazi alipotokea ng'ambo ya mto, jembe begani, anahema. Aliuvuka mto bila kuvua viatu, na alipofika upande wa pili viatu vyake vilikuwa vikavu.

"Kabichi! Shuka hapo juu tuongee!"

Kabichi alikuwa bado yuko kwenye kenchi, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Alikuwa mdogo wake Shangazi wa mwisho, wa tumbo moja, na ndiye ndugu pekee aliyebaki naye. Wengine wote walikuwa wameshatangulia. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa kwa miaka mingi mtu aliyetaka kabichi ya maana pande zile alikwenda kwenye kona ya mto anapolima yeye. Jina la Shangazi nalo lilianza kwa watoto wa Kabichi, likasambaa, mpaka wazee waliomzidi umri wakawa wanamwita Shangazi, naye anaitika.

"Semea huko huko, dada, nasikia," Kabichi alijibu, akitemea misumari kiganjani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa wakwe zangu. Au kwenu mtu akienda sokoni hubomoa nyumba?"

"Na mto tuliokubaliana?"

"Mto upi? Huo uliouvuka na soksi?"

Dereva akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

Kabichi alishuka. Akajifuta vumbi usoni, ikabaki michirizi. "Dada, pampu nimeuza. Nilikuwa nafukua mchanga kwa mikono nipate ndoo ya maji ya tope, nusu inakunywa kabichi, nusu wanakunywa wanangu. Kabichi zimekufa. Unataka ningoje na hao wengine wafe?"

"Kule juu tumemaliza," alisema Shangazi. "Mlima mzima una matuta. Mvua ikija haitateremka tena mbio kama mwizi. Itakaa, itazama, chemchemi itashiba, na kiangazi kijacho mto utapita hapa mlangoni kwako. Wewe mwenyewe umechimba! Angalia sugu hizo, si za matuta yetu?"

"Ni za matuta yenu."

"Msimu mmoja, mdogo wangu. Nipe msimu mmoja wa mvua. Zikiisha na mto haupo, nitakupakilia vitu kwa mikono yangu."

Kabichi alimtazama mkewe kule juu ya godoro. Wawili hao walikuwa wameoana muda mrefu kiasi kwamba kutazamana kuliwatosha. Mwishowe mama yule aliinama kutoka kwenye tela akamwambia Shangazi, bila hasira, "Wifi, mimi sigombani na wewe. Lakini huyu mtu wako ukinirudishia akili zimemruka, utamlea mwenyewe."

Trekta likaondoka na mama na watoto. Kabichi alibaki na mabati machache ya kuezekea jiko, kitanda, jembe na pakiti ya mbegu.

"Haya," alisema. "Umefurahi?"

"Sijafurahi. Nimepumua."

Na kweli hakufurahi. Alijua amekopa kitu kikubwa kwa mdomo mtupu. Mvua zikikubali, nyumba ingerudishiwa bati lake na watoto wangerudi. Zikikataa, katika watoto wote wa mama yake, angebaki yeye peke yake kwenye maji yale.

*

Mto wenyewe haukuwa mkubwa. Mtu mwenye miguu mizuri aliweza kuuruka akipata mbio. Lakini ulikuwa unatiririka mwaka mzima, ukitoka kwenye chemchemi iliyo chini ya mteremko wa mashamba ya juu, ukipita mabondeni hadi kwenye kona ya Kabichi na kuendelea zake. Watu wa juu walikata miti wakachoma mkaa, kisha wakalima mpaka kwenye mdomo wa chemchemi. Watu wa chini wakaweka pampu, wakavuta mpaka mto ukawa unakohoa. Kila upande ukaulaumu wa pili. Wa chini waliwaita wa juu nyani; wa juu waliwaita wa chini vyura. Hata msibani walikaa mbalimbali.

Shangazi alizaliwa chura akaolewa na nyani. Ndiyo maana yeye ndiye aliyeweza kupita nyumba kwa nyumba, juu na chini, akila matusi ya pande zote mbili, mpaka ikaundwa kamati ya mto. Bwana Shamba, kijana mwenye pikipiki ya serikali na subira ya mtu wa makamo, akawafundisha kutumia kifaa cha miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, jiwe likining'inia kwa uzi katikati. Kifaa hicho ukikitembeza mteremkoni kinakuonyesha mstari ulio sawasawa, usiopanda wala kushuka. Juu ya mstari huo unachimba mtaro na kuinua tuta, maji yanazuiwa.

Kila Jumamosi vyura walipanda mlima na majembe na miche ya miti kwenye viroba. Nyani waliwapikia. Watu ambao hawakuwa wakisalimiana wakawa wanaazimana tumbaku.

"Jamani, kumbe vyura mnajua kushika jembe! Mimi nilidhani mnajua kulia tu."

"Tunalia kwa sababu nyani mmekalia bomba!"

Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma, na kazi ikaenda.

Sasa, pale mlimani palikuwa na jambo moja ambalo mgeni asingeligundua. Zamani, Shangazi akiwa bado mke kijana, mumewe na mdogo wa mumewe waligombania mpaka wa mashamba waliyorithi. Walianza kwa maneno wakamalizia kwa majembe. Mdogo mtu alitoka pale na vidole viwili pungufu, mkubwa mtu kichwa kimepasuka. Aliyeingia katikati yao ni Shangazi, na ndiye aliyesema, damu ya wote wawili ikiwa kwenye nguo yake, kwamba kila mmoja arudi nyuma hatua moja, na hapo katikati jembe lisiguse milele, lisiguse la yeyote. Basi pakaitwa Usiguse. Majirani walioiona amani ile wakaitamani. Haikupita miaka mingi kila mpaka mlimani ukawa na Usiguse yake, kanda nyembamba zinazoshuka moja kwa moja kutoka kileleni mpaka karibu na chemchemi. Hazikulimwa wala kupandwa. Mbuzi wakazifanya njia, majani yakaisha, udongo ukabaki mtupu na mgumu. Na tangu hapo hakuna aliyemwaga damu kwa ajili ya ardhi. Watu wa mlimani walijivunia jambo hilo kuliko mazao yao.

Bwana Shamba aliwaambia mkutanoni, kwa maneno yasiyo na kona: "Tuta lisikatike. Lianze huku liishie kule, lipite mashamba yote kama mkanda kiunoni. Mkanda uliokatika, suruali inaanguka."

Walicheka, wakapiga makofi, wakasema wamemwelewa. Na walikuwa wamemwelewa. Kisha kila mmoja alichimba tuta lake mpaka kwenye Usiguse, akasimama, akalinyoosha vizuri ncha yake. Na jirani yake akaanza upande wa pili. Hakuna aliyeamua hivyo. Hakuna aliyelisema. Hata Shangazi alifanya vivyo hivyo, na kama ungemuuliza, angekuapia kwamba matuta yake hayajakatika popote. Usiguse kwake haikuwa mahali. Ilikuwa kama nafasi iliyoko kati ya mtu na mtu. Vyura, kwa kuwa walikuwa wageni, walichimba walipoonyeshwa. Na Bwana Shamba alipokuja kukagua, wanakamati walimzungusha katikati ya mashamba, kwenye matuta yaliyopendeza. Akapiga picha, akawapa mkono mmoja mmoja.

*

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, ya wastani, isiyo na upepo. Shangazi alijifunika gunia akatoka kuangalia. Tuta lake la juu lilikuwa limejaa maji yaliyotulia kama kwenye beseni. Akasikia vigelegele. Watu wote walikuwa nje wakiyatazama matuta yao kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyezaa. Jirani yake wa upande mmoja, mama kijana mwenye watoto mapacha ambaye kila mtu alimwita Mama Pacha, alikuwa anacheza peku kwenye tope.

"Shangazi! Yanakaa! Maji yanakaa!"

"Nayaona, mwanangu!"

Aliyaona. Kisha akaona na jingine. Maji yale yalipofika ukingoni yalianza kutembea taratibu kufuata tuta, kama watu wanaotafuta mlango, na mlango wakaupata pale tuta linapoishia. Yakamwagikia kwenye Usiguse. Upande wa pili, tuta la shemeji yake lilikuwa linamwaga vilevile. Na la chini yake, na la chini ya hilo. Zamani mvua ilishuka ovyo, kidogo huku kidogo kule, ikipotea njiani. Sasa walikuwa wameikusanya yote, kwa bidii, kwa ushirikiano, kwa nyimbo, wakaipeleka mahali pamoja. Njia ya mbuzi ilikuwa tayari imechimbika, na maji yaliyokuwa yanashuka humo yalikuwa mekundu, yana sauti. Aliinua macho akaona michirizi kama hiyo kila mpakani, mlima mzima, yote inaelekea kwenye chemchemi.

Gunia lilimdondoka asilione.

Kesho yake alikwenda kwa shemeji yake. Huyo walimwita Fundi, maana alitengeneza baiskeli kwenye kibanda cha mabao kando ya nyumba yake, na vile vidole vitatu vya mkono wa kulia vilifanya kazi kuliko vitano vya wengine.

"Hodi, shemeji."

"Karibu. Baiskeli iko wapi?"

"Mimi na baiskeli wapi na wapi? Umeiona Usiguse yetu?"

"Nimeiona," alisema Fundi, akiendelea kuzungusha gurudumu na kusikiliza mlio wake. "Imekula."

"Tuunganishe matuta. Ni hatua mbili tu za kuchimba. La kwako na la kwangu yakutane, maji yakose pa kutokea."

Gurudumu likaendelea kuzunguka mpaka likasimama lenyewe. Ndipo Fundi alipouinua mkono wake ule akautandaza mbele ya macho yake.

"Hivi viwili vingine, kaka yangu alikufa navyo rohoni. Siku ile anakata roho nilimshika mkono kwa mkono huu huu, nikamwambia pale jembe langu halitagusa. Leo mke wake ananiambia niguse?"

"Alikuwa hajui habari za mto, shemeji."

"Mto aliujua. Aliokuwa hawaamini ni sisi." Sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulifikiria jambo mpaka mwisho. "Tukiunganisha, siku mimi na wewe hatupo, vijana watauliza mpaka uko wapi. Mmoja ataonyesha huku, mwingine kule, na majembe wanayo. Mto ukifa tutahama, tutakwenda kuwasumbua wengine. Hilo jingine halina pa kuhamia."

Shangazi alikwenda kwa Mama Pacha. "Mimi sina neno kabisa, Shangazi. Fundi akianza leo, mimi kesho." Akaenda kwa anayefuata. "Mimi? Hata sasa hivi! Ngoja tu Mama Pacha aanze." Alipanda mlima mzima hivyo, na hakukuta hata mmoja aliyemkatalia. Alirudi nyumbani miguu imemvimba.

*

Bwana Shamba alikuja akaona kwa macho yake, akavua kofia ya pikipiki akakaa juu yake. Hakumtukana mtu. Aliitisha mkutano kwenye darasa la shule, wakubwa wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Vyura walikuja pia, na Kabichi akiwa mstari wa mbele. Miche yake ya kabichi ilikuwa imeshachomoza, alisema, na akamkonyeza dada yake.

"Mvua kubwa bado," alisema Bwana Shamba. "Ikitukuta na mianya ile, chemchemi itafukiwa na udongo, na yaliyo chini yatazikwa. Ingekuwa heri tusingechimba tuta hata moja. Nani anapinga matuta yasiunganishwe?"

Akajikanganya, wakamcheka, akaanza upya. "Nani hataki matuta yaunganishwe?"

Hakuna mkono uliopanda.

"Wanaotaka?"

Mikono ikapanda yote, na wa Fundi nao.

"Sasa nani ataanza kuchimba?"

Watu wakamsikiliza mbuzi wa mwalimu akitafuna kitu nje ya dirisha.

Kabichi alisimama. "Jamani, nyani wenzangu... samahani, ndugu zangu." Kicheko. "Nyinyi mmefungwa na Usiguse yenu, na heshima yake naijua. Sisi vyura hatuna shamba huku juu, hatuna mpaka na mtu. Jembe letu likipita pale halidai kitu. Tuchimbe sisi. Nyinyi kaeni ndani, mfunge na madirisha kama mnaona haya."

Mbona darasa lililipuka! Makofi, miluzi, mzee mmoja akagonga dawati kwa fimbo. Hapo ndipo Shangazi alipohisi kifua kinafunguka. Aliliona bati likirudi juu ya kenchi, aliwaona watoto wakishuka kwenye tela.

Fundi akainua mkono. "Wazo zuri. Ila huyu Kabichi ni mgeni wa wapi? Ni shemeji yake marehemu kaka yangu. Akichimba mpaka wangu, ni kina Shangazi wamechimba."

"Basi nichimbe kwa Mama Pacha!"

"Kwa Mama Pacha," alisema mtu wa nyuma, "mkeo si binti wa mama yake mdogo?"

"Achimbe yule mwenye shati la kijani."

"Huyo mjomba wake ni mimi."

"Yule pale mlangoni?"

"Ameoa kwetu!"

Ikawa mchezo, kisha ikaacha kuwa mchezo. Walimpitia chura mmoja mmoja. Katika miaka yote ile ya kutukanana walikuwa wameoana sana, na hakukuwa na hata mmoja asiye na shangazi, binamu au mkwe mlimani. Jembe lisilo la mtu halikuwepo.

Bwana Shamba alivua koti. "Nipeni jembe mimi. Mimi hapa sina hata binamu."

Yule mzee wa fimbo alimtazama kwa huruma. "Wewe ni mtoto mzuri. Lakini wewe ni serikali. Serikali ikichimba leo, kesho italeta jiwe lenye namba, keshokutwa itasema pale ni pake."

"Baba, mimi nina jembe tu!"

"Hata wengine waliotwaa ardhi walianza na jembe."

Mkutano ulifungwa kwa sala na maneno ya shukrani. Ilirekodiwa kwamba wote wamekubaliana.

*

Shangazi hakungoja tena. Asubuhi iliyofuata, jua likiwa limetoka kabisa, alikwenda na mdogo wake mpakani, mchana kweupe, watu wanawaona. Chepe hakuwa nalo. Aliliazima kwa Fundi, naye Fundi akampa, akamwambia tu, "Ukimaliza uniachie hapo hapo. Nami nina kazi nalo."

Alichimba. Jembe la kwanza lilipoingia kwenye Usiguse, ilimbidi asimame.

"Dada, niachie mimi."

"Hapana. Niliikataza mwenyewe, nitaiachilia mwenyewe."

Waliunganisha tuta la juu, wakashuka kwenye la pili. Udongo ulikuwa mgumu kama matofali. Watu walikusanyika pembeni kama mazikoni. Fundi alikuja na kigoda akakaa, akawatazama wakifanya kazi yote, hata akamletea Kabichi maji ya kunywa. Walipomaliza tuta la mwisho, Kabichi akaliegemeza chepe kwenye mti, jasho linamchuruzika, anacheka.

"Umeona, shemeji? Mbingu haijaanguka."

"Poleni na kazi," alisema Fundi. Akainuka, akalichukua chepe, akapanda mpaka kwenye tuta la juu, akaanza kulifukua.

Kabichi alimrukia. Shangazi alimshika mdogo wake shati likachanika, akamng'ang'ania kiunoni kwa nguvu zote. Aliziona sura za watoto wa Fundi, vijana wakubwa, jinsi zilivyobadilika, na jinsi mmoja wao alivyoliokota jembe lililokuwa chini. Alikuwa ameshawahi kuiona sura ile.

"Muache," alimwambia Kabichi sikioni. "Muache. Muache afukue."

"Dada, anaua mto!"

"Najua. Muache."

Fundi alitoboa lile la juu, akashuka kwenye la pili. Mama Pacha akamsaidia, machozi yanamtoka. Kisha wengine nao. Walifanya kazi vizuri, kwa pamoja, kama walivyofundishwa Jumamosi, mpaka Usiguse ikarudi ilivyokuwa.

Mvua kubwa haikuchelewa. Ilianza asubuhi, ikaacha adhuhuri ikiwa imekwisha kumaliza kila kitu. Shangazi alisimama mlangoni akasikia mlima unanguruma. Kila Usiguse ikafunguka. Njia za mbuzi zikawa makorongo, kingo zake zikamomonyoka, matuta yakaanza kuchanika kuanzia kwenye ncha zile walizozinyoosha vizuri. Miche ilishuka ikielea na viroba vyake. Pale penye chemchemi pakawa na rundo la udongo mwekundu, juu yake shina la mti limelala.

Alishuka bondeni kwa kuteleza na kuanguka. Alimkuta Kabichi amekaa juu ya ukuta wa nyumba isiyo na paa, miguu inaning'inia. Mto ulikuwa umerudi kwenye kona yake. Ulikuwa mpana kuliko walivyowahi kuuona, wa rangi ya matofali, na ulikuwa unapita juu ya shamba. Jiko halikuwepo.

"Karibu, dada," alisema. "Maji si hayo yamekuja."

Shangazi alitafuta mahali pa kupandia, akakosa, akasimama pale chini na maji magotini. Kabichi alishuka akaja kusimama naye. Walikaa hivyo, hakuna aliyemshika mwenzake.

"Ulisema utanipakilia," Kabichi alisema baadaye.

Vya kupakia havikuwepo. Siku ya pili yake mto ulikuwa umekwisha kupita, umeacha tope lililofunika shamba mpaka kimo cha paja, na tope lile lilipokauka likapasuka vipande vipande kama sahani. Kabichi aliondoka kwa miguu. Shangazi alimsindikiza mpaka barabarani, akageuka kabla mdogo wake hajapata gari, kwa kuwa alimwomba asingoje.

*

Kabichi yuko kwa wakwe zake mpaka leo. Anaponda kokoto kwenye machimbo ya mawe. Mkewe anauza nguo kuukuu, na ndiye anayelisha nyumba. Watoto wamekua hawajui kulima.

Bwana Shamba alihamishiwa sehemu za wafugaji. Aliwahi kupiga simu mara moja kuulizia hali, akaambiwa salama.

Mama Pacha na mumewe waliuza mabati yao, wakahama na mtoto mmoja. Pacha wa pili alikufa kwa kuhara, mwaka ule ambao watu walikunywa maji ya madimbwi.

Vyura waliobaki hawalimi. Wanachota mchanga mtoni na kuwauzia wenye malori ya ujenzi, na mto sasa ni shimo refu.

Fundi bado anatengeneza baiskeli, ila wateja wamepungua. Korongo kati ya shamba lake na la Shangazi ni refu kiasi kwamba hawezi kuvuka kwenda kumsalimia, lazima azunguke kupitia barabarani. Wanawe hawajagombana na mtu. Wawili wameondoka.

Kamati ya mto haijavunjwa. Haikutani.

Shangazi yupo. Nusu ya shamba lake imekwenda na maji, nusu anaipanda mihogo. Magoti yanamsumbua. Maji ya kunywa ananunua kwa mwenye punda, dumu moja kila siku, na siku punda haji, anakaa bila.